Nani Anayeondoka katika "Bésame mucho"?

Mabibi na mabwana,

Jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, na nitaendelea kulisema maadamu "Bésame mucho", yaani "Nibusu sana" kwa Kihispania, ingali inapigwa hotelini ili kusindikiza chakula cha jioni: huu si wimbo wa kushangilia busu, bali ni wimbo wa mtu aliyeshikwa na hofu ya kutengana. Consuelo Velázquez, mpiga piano wa Mexico mzaliwa wa Jalisco, aliutunga akiwa bado msichana, kwa maneno machache mno, na kila neno lina kazi yake.

Tumezoea nyimbo ambazo mpenzi amekwenda zake na aliyebaki analia. Hapa hakuna aliyekwenda. Wawili hawa wako pamoja, na anayeimba anaomba abusiwe kana kwamba usiku huo ndio wa mwisho, kwa kuwa anaogopa kumpoteza mwenziwe baadaye. Kisha anataja sababu, na hapa ndipo wengi wanapopita bila kusimama: huenda kesho yeye mwenyewe, huyu anayeimba, akawa mbali, mbali sana. Anayeogopa kupoteza ndiye atakayesafiri! Hamlaumu mpenzi wake, hamshuku usaliti, wala hamdai kiapo. Anataka tu kuwa naye karibu na kujitazama katika macho yake, ajione humo, ahakikishe kwamba angali yumo. Hamu ya namna hii, inayomkumba mtu hali mpenzi wake yuko mbele yake, ni nzito kuliko ile ya aliyeachwa, kwa sababu hata kuwapo kwa mpenzi hakuitulizi.

Najua nitaambiwa kwamba Velázquez mwenyewe alisimulia kuwa alipoutunga wimbo huu alikuwa hajawahi kubusiwa. Basi uchungu wa mapenzi angeujuaje? Pingamizi hili linanichosha. Hamu haidai kumbukumbu, inadai uwezo wa kuwaza kile ambacho mtu atakikosa. Isitoshe, sikio lake lilikuwa limekwisha kufunzwa: lahani yake inahusishwa na kipande cha piano cha Mhispania Enrique Granados, kinachomhusu mwanamwali na ndege aimbaye usiku.

Kinachonikera zaidi ni maneno ya Kiingereza ya Sunny Skylar, ambayo bendi ya Jimmy Dorsey iliyafikisha kileleni mwa nyimbo zilizopendwa Marekani mwaka 1944. Humo mambo yamegeuzwa: sasa ni mpenzi anayehofiwa kuondoka, na mwimbaji anabaki kuwa mtu wa kuachwa kama wengine wote. Katika mwaka ule wa vita, vijana wakiaga makwao, walinyimwa shairi lililosema hali yao wenyewe waliokuwa wakiondoka.

Nilikusudia kuieleza pia bolero, aina ya muziki wa mapenzi ambayo wimbo huu ni wake, iliyochipuka Santiago de Cuba katika karne ya 19 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, lakini muda hauniruhusu. Ninachowaomba waimbaji mlio humu ni kimoja: mkifika kwenye mstari unaoitaja kesho, msiuharakishe.