Nesi wa Simu na Daftari la Choo

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji. Leo tulipanga mambo matano ya kuandaa kabla hujampigia nesi. Kaka Hamisi ameyaandika.

HAMISI: Ninayo hapa. Ila anza na mama, dada. Ujumbe wako wa saa nane usiku ulinikosesha usingizi.

ZUHURA: Mnajua mama ana ugonjwa wa kusahau, dementia, na jua likizama huanza kuhangaika, anakusanya nguo, anataka kurudi kwao. Hilo tumelizoea. Juzi lilikuwa jingine. Mchana alinitambua vizuri. Usiku akawa anachomoa nyuzi za blanketi kama anadona kitu, anaongea na watu wasiokuwepo, halafu anasinzia katikati ya neno. Nikapiga namba ya wauguzi ya usiku.

HAMISI: Nesi akauliza nini?

ZUHURA: "Mama alipata choo lini?"

HAMISI: (anacheka) Saa nane usiku!

ZUHURA: Nikajibu papo hapo, kwa sababu daftari ninalo.

HAMISI: Loo, daftari la choo! Wasikilizaji wanalifahamu kuliko wanavyonifahamu mimi.

ZUHURA: Siku ya nne, hajapata. Akauliza mkojo, homa, maji anayokunywa, kama ameanguka, kama kuna dawa mpya. Ilikuwepo: vidonge vya mafua alivyoletewa na ndugu, vile vya kuleta usingizi. Nesi akasema vingi vya namna hiyo hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo, na mzee huweza kuchanganyikiwa kabisa.

HAMISI: Hapo tuliza, watu waandike.

ZUHURA: Ugonjwa wenyewe wa kusahau kwa kawaida humla mtu polepole, miezi na miaka. Akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usiseme "ndiyo ugonjwa umeongezeka." Huenda ni maambukizi ya mkojo, kukosa maji, dawa, au maumivu asiyoweza kuyataja. Anatakiwa aonwe na daktari haraka. Nesi ndiye aliyemtafuta daktari wa zamu, mimi nikiwa nimeshika mkono wa mama.

HAMISI: Na yote yameanzia daftarini. Lina safu ngapi sasa?

ZUHURA: Tarehe, saa, kiasi, kigumu au laini. Shida ni waandishi. Kaka mkubwa anaandika "ndiyo" tu. Mdogo wangu anaandika "kidogo."

HAMISI: Kidogo cha nani?

ZUHURA: Ndivyo nesi alivyouliza! Sasa tumechora picha kwenye jalada la ndani, kila mtu anaonyesha kwa kidole.

HAMISI: Nani alichora?

ZUHURA: Kaka mkubwa. Na amechora vizuri, ana kipaji.

HAMISI: (anacheka) Wasikilizaji, hiki ndicho kipindi chenu.

ZUHURA: Lakini cheka ukijua huyu nesi hamwoni mama, hamgusi. Macho yake ni yale tunayoandika. Ndiyo maana aliomba pia video ya mama anavyokataa kuoga.

HAMISI: Hapo ndipo tunapoachana, dada.

ZUHURA: Najua.

HAMISI: Mama yako hakuwahi kutoka chumbani hajakamilika mavazi. Leo hawezi kusema ndiyo wala hapana, tunamrekodi akilia bafuni? Nesi mwema, sikatai. Ila ile video inakaa wapi?

ZUHURA: Nilirekodi amevaa, mlangoni, nikaifuta baadaye. Na nesi akaona kitu nisichokiona: mama alikuwa anarudi nyuma kila akikanyaga lile zulia jeusi la mlangoni. Kwa macho yake huenda lilikuwa shimo. Tukaliondoa, akaingia.

HAMISI: Ungeweza kumweleza kwa maneno.

ZUHURA: Ningesema "anakataa kuoga." Zulia nisingelitaja, nililizoea hata sikuliona.

HAMISI: Kule Marekani, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa 2019, uliangalia huduma kwa wagonjwa kama mama na wanaowauguza, na msingi ulikuwa simu. Mtu mmoja anayeijua familia anawapigia, nyuma yake kuna nesi. Wagonjwa walikwenda hospitali kwa dharura mara chache zaidi, na sonona ya wanaowauguza ilipungua. Sauti ilitosha.

ZUHURA: Ilitosha kwa mengi. Mimi ndiye ninayepigwa makofi bafuni, Hamisi. Mama akioga bila kupiga kelele, hiyo nayo ni heshima yake.

HAMISI: Heshima ni pamoja na kutoonwa.

ZUHURA: Na kutoogopeshwa.

HAMISI: Sijashawishika.

ZUHURA: Nami sirudi nyuma.

HAMISI: Na wewe je? Nesi alikuuliza unalala?

ZUHURA: Aliuliza. Kabla ya kukata simu alisema, "Sasa tuje kwako." Hapo nililia. Wanaouguza huulizwa habari za mgonjwa tu, kila siku, na kila mtu. Akataka jina la mtu atakayenipokea zamu Jumamosi, na akasema atapiga kuhakikisha.

HAMISI: Ulitaja nani?

ZUHURA: Mdogo wangu.

HAMISI: Wa "kidogo"?

ZUHURA: (anacheka) Huyo huyo. Picha anayo.

HAMISI: Dakika mbili zimebaki na karatasi sijaisoma hata mstari. Nisome moja: orodha ya dawa zote, pamoja na zile...

ZUHURA: Simu inaita, ni nesi. Mama anaanza dawa ya kulainisha choo leo, lazima nipokee.

HAMISI: Pokea. Wasikilizaji, kuhusu video tuandikieni. Msimamo wangu ni ule ule.

ZUHURA: Na wangu. Haloo, dada, shikamoo...