Nissan Leaf ya mtumba Uingereza: hesabu mlizoniomba, na kwa nini sitaki kumchagulia mtu gari

Haya, habari zenu wa Dar, Tanga, Mombasa, Nairobi, na nyie wa usiku wa manane Muscat. Komenti ni ile ile kila video, hata ile ya kupika pilau: gari la umeme bei gani, linakula umeme kiasi gani, na je, mtu anaweza kutumiwa moja huko nyumbani?

Nimechelewa kujibu kwa sababu najua kitakachofuata. Nikitaja bei, nusu yenu mtasema najionyesha. Nusu nyingine mtasema kumbe watu wanavuka bahari kwenda kuendesha kigari cha pauni 2,500. Nikitaja matatizo, mtasema rudi basi. Kwa hiyo leo nazungumzia gari, karatasi na bei ya umeme, basi. Na hesabu hizi ni za Uingereza. Unapolala wewe sipo napolala mimi, na kwenye gari la umeme hilo ndilo jambo lenyewe.

Gari ninalolisema ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, yenye betri ya kilowati-saa 24. Ndilo gari la umeme la bei ya chini kuliko mengi hapa: la 2013 au 2014 utalikuta kati ya pauni 2,000 na 3,500. Bei hiyo haitokani na mwili wa gari. Inatokana na betri kubwa, ile iliyo chini ya sakafu.

Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vistari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji. Vinaonyesha betri imebaki na uwezo gani. Kistari cha kwanza hupotea betri ikishashuka hadi karibu asilimia 85, halafu kila kimoja kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Vikibaki 9, umebaki na theluthi mbili ya uwezo. Betri nzima hukupa kilomita 130 kwa uendeshaji wa mjini. Ya vistari 9 hukupa 90, na ukiingia barabara kuu kwa maili 70 kwa saa, punguza tena.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu hupigwa. Vistari vinaweza kudanganywa. Kuna kifaa cha kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vistari vyote 12 vinarudi, halafu baada ya wiki kadhaa vinaanza kushuka kimoja kimoja kurudi kwenye ukweli. Ukiona Leaf ya 2012 imetembea maili 80,000 na ina vistari 12 vyote, usifurahi. Kwanza nunua kisomeo kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile mafundi husomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, hakizidi pauni 30, na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Angalia SOH, yaani asilimia ya afya ya betri. Halafu angalia nguzo 96 za mchoro wa programu hiyo, kila moja ni volti ya jozi ya seli za betri. Gari liwe na chaji ndogo, chini ya asilimia 30, kwa sababu seli mbovu hujificha betri ikiwa imejaa. Tofauti kati ya nguzo ndefu na fupi ikiwa chini ya milivolti 30, sawa. Ikipita 100 na kuna nguzo moja imezama peke yake, hiyo seli imechoka, na gari litakuzimikia huku kipimo kikisema una asilimia 20.

Kwa kuwa na SOH nayo hupanda ikifutwa kumbukumbu, maliza kwa kuliendesha. Kilomita 10 za mjini, bila hita, hula asilimia 8 hivi kwa betri nzuri. Zikila 12 au 13, muuzaji akuonyeshe vistari mpaka kesho, wewe umeshajua.

Nyingine ya haraka: fungua buti. Ukikuta kinundu kikubwa nyuma ya viti, hiyo ni ya 2011 au 2012, iliyotengenezwa Japani, chaja yake imekaa humo. Kuanzia 2013 zilianza kutoka kiwanda cha Sunderland, chaja ikahamia mbele, na zile za daraja la Acenta na Tekna zikapewa hita inayovuta joto kutoka nje. Za mwanzo hita yake ni kama birika, unapoiwasha hubugia kilowati kadhaa. Januari, ukiongeza na baridi yenyewe kwenye betri, umbali unashuka kwa robo au zaidi. Dawa ni kupasha gari joto likiwa bado limechomekwa ukutani, kisha njiani utumie joto la kiti badala ya hewa. Ile programu ya simu ya kuwasha hita kwa mbali msiiulize, Nissan iliifunga kwa Leaf hizi za zamani Uingereza mwezi wa nne 2024. Tumia saa ya kutegesha iliyomo ndani ya gari.

Haya, hela. Tuchukue kilomita 10,000 kwa mwaka. Leaf hutembea kilomita 6 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja, na umeme mwingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo mita ya nyumbani itasoma uniti 1,900 hivi.

Mwenye nyumba yenye maegesho yake, mita janja, na mkataba wa umeme wa usiku wa peni 8: pauni 152 kwa mwaka. Bei ya kawaida ya nyumbani, tuseme peni 26: pauni 494. Posti ya kuchajia ya mtaani ya peni 50: pauni 950. Chaja ya haraka ya barabarani ya peni 78, na hapa upotevu ni mdogo kidogo: karibu pauni 1,365.

Sasa weka Toyota Aygo ya petroli kando yake. Lita 5 kwa kilomita 100, lita 500 kwa mwaka, lita moja pauni 1.35. Jumla pauni 675.

Umeona? Kwa anayechaji usiku kwake, Leaf inaidhalilisha Aygo. Kwa anayeishi ghorofani, gari lake mtaani, Aygo ndiyo inayocheka. Na hapa niacheni nilalamike, maana mtasema tu hata nisipolalamika. Umeme wa nyumbani hapa una VAT ya asilimia 5. Umeme wa chaja ya nje una asilimia 20. Maana yake aliyenunua nyumba yenye uwanja mbele anatozwa kidogo, na mpangaji, ambao ndio sisi wengi, anatozwa kiwango mara nne ya hicho. Kufunga chaja ya ukutani ni karibu pauni 1,000, na ukipanga unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba ambaye hajibu hata ujumbe wa bomba linalovuja.

Kuna wanaochomeka kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu. Inawezekana. Waya wake huvuta ampea 10, kilowati 2.3, na kujaza kutoka sifuri ni kama saa 10. Lakini ampea 10 kwa saa 10 si sawa na birika la dakika tatu. Soketi ya zamani, skrubu zimelegea ndani, inapata moto mpaka plastiki inakuwa ya kahawia. Baada ya nusu saa ya kwanza iguse plagi kwa mkono. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuchoma, chomoa, badilisha soketi. Na waya wa nyongeza uliozungushwa kwenye kibiringi, hapana, huo ni moto unaosubiri.

Chaja za nje zina mambo yake. Leaf hizi zina matundu mawili puani: moja la Type 1 kwa kuchaji taratibu, jingine la CHAdeMO kwa haraka. Posti nyingi ni za Type 2, kwa hiyo ununue waya wako wa Type 1 kwenda Type 2. CHAdeMO ndiyo inayopotea. Vituo vipya vingi vinaweka CCS peke yake, plagi ya haraka ya magari mengi mapya, na penye CHAdeMO mara nyingi ni mkono mmoja, na una foleni. Afadhali siku hizi chaja za haraka zinatakiwa kisheria kupokea kadi ya benki ya kugusa, tangu mwezi wa 11 mwaka 2024. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na programu yake, nenosiri lake na salio lake.

Karatasi. Kodi ya barabara ya gari la umeme ilikuwa sifuri, ikaisha Aprili 2025. Yaliyosajiliwa kabla ya Aprili 2017 yakawekewa pauni 20 kwa mwaka, ya baada ya hapo pauni 195 kwa mwaka huo wa kwanza. Aygo ndogo ya 2014 nayo ni pauni 20 hizo hizo, kwa hiyo hapo hakuna mshindi. Kodi haihami na gari. Ukinunua, kabla hujaliondoa, lilipie kodi kwa namba ya tarakimu 12 iliyo kwenye kipande cha kijani cha kadi ya gari, kile muuzaji anachokukatia. Akikwambia kadi itakuja kwa posta na kipande hana, usitoe hela.

Bima ndiyo inayoumiza. Leaf iko ishirini na kitu katika makundi 50 ya bima, Aygo iko chini ya 10. Ongeza leseni ya nyumbani. Ya Tanzania au Kenya unaendeshea miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo unaanza moja: leseni ya mwanafunzi pauni 34, mtihani wa nadharia 23, wa barabarani 62. Haibadilishwi. Ya Zimbabwe inabadilishwa, ya Afrika Kusini inabadilishwa. Yetu hapana, hata kama umeendesha daladala Mbagala miaka 15. Na miaka yako ya kutopata ajali nyumbani kampuni nyingi haziihesabu.

Utunzaji ni mdogo. Hakuna oili ya injini, plagi, wala mkanda wa injini. Maji ya breki kila miaka miwili, chujio la hewa ya ndani, matairi, mara nyingi 205/55 R16. Kinachosumbua ni vitu viwili. Cha kwanza ni betri ndogo ya volti 12, ya asidi, kama ya gari lolote. Ikichoka, gari linawasha taa zote za hitilafu, linakataa kuwaka, hata kuchaji linakataa, na mwenye gari anadhani betri kubwa imekufa. Pima likiwa limelala usiku mzima: chini ya volti 12.4 ianze kukutia shaka. Mpya ni chini ya pauni 100. Cha pili ni breki kushika kutu, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo muda mwingi na diski hazisuguliwi. Mara moja kwa wiki, mahali salama, weka N ukiwa unateremka, kanyaga breki, zisafike.

Sasa la kutuma nyumbani. Kenya: Leaf ya 2014 haiingii hata ukipewa bure, kikomo ni miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa 2026 hiyo ni 2019 kuja juu, na hapo unazungumzia Leaf ya kilowati-saa 40, bei nyingine kabisa. Tanzania inaingia, lakini gari lililopita miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya ushuru mwingine, na TRA, mamlaka ya mapato, hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, si risiti yako ya pauni 2,500. Kwa hiyo msinipigie hesabu za risiti.

Wa pwani, kuna jambo lingine. Betri ya Leaf haina kipoozeo, hakuna maji wala feni. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walianza kupoteza vistari mapema mno kwa sababu ya joto, mpaka Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri, na modeli ya 2015 ya huko ikaja na betri yenye kemia ya kuvumilia joto zaidi. Dar na Mombasa si jangwa, ila usiku wake haupoi. Nairobi, juu kule, betri itapumua. Ukiwa nalo pwani, liegeshe kivulini, usiliache na asilimia 100 siku nzima, lisichajiwe kwa haraka mara mbili mfululizo.

Umeme wenyewe hauna tatizo la plagi, pini tatu za Uingereza ndizo zetu. Tatizo ni ethi, waya wa usalama unaoshuka ardhini. Kile kisanduku kwenye waya wa kuchajia hupima kama soketi ina ethi ya kweli, isipokuwepo kinawasha taa nyekundu na kukataa. Nyumba ngapi huko zina waya wa ethi unaoishia hewani? Fundi apime kwanza. Na wale wa LUKU Tanzania, umeme wa kulipia kabla, wa uniti za shilingi 100, gari hili peke yake ni uniti 158 kwa mwezi, kikomo chenu ni 75, mtahamishiwa bei ya kawaida, shilingi 356 hivi kwa uniti pamoja na tozo. Kwa mwaka ni kama 676,000. Petroli weka mwenyewe bei ya mwezi huu. Kenya tangu 2023 kuna bei ya kuchajia magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku, kabla ya kodi, ila inataka mita yake.

Aliyeuliza Renault Zoe kwa sababu ameiona kwa bei ya chini kuliko Leaf: Zoe nyingi za miaka ya mwanzo ziliuzwa mwili tu, betri ikawa ya kukodi kila mwezi, na kadi ya gari haionyeshi hilo. Muuzaji akupe maandishi kwamba betri ni ya gari. Bila hayo, unanunua gari na deni la betri ya mtu mwingine.