Amplifaya moja au mbili?

Ndugu zangu wa Mtwara, habari za jioni. Nimeombwa nijibu swali ambalo mafundi redio wanaulizwa kila leo: ninunue amplifaya iliyokamilika, yaani priamplifaya na pawa ndani ya boksi moja, au priamplifaya peke yake na pawa peke yake?

Priamplifaya inachagua chanzo, iwe deki, simu au santuri, na ndiyo inayopandisha na kushusha sauti. Pawa inasukuma spika. Wanaopenda kutenganisha wanasema transfoma kubwa ya pawa inamwaga mngurumo kwenye sakiti nyeti. Kwa santuri wana hoja, maana sindano nyingi zinatoa kama milivolti 5 tu. Deki ya CD inatoa volti 2. Hapo mngurumo hauna ubavu. Humu ndani nani anapiga santuri? Wawili. Haya, ninyi tuonane baadaye.

Sasa njooni kwetu pwani. Ukitenganisha, umeongeza waya wa RCA, ule unaopitisha sauti kutoka mashine moja hadi nyingine, na pini zake. Mtu wa Shangani au Mikindani anajua upepo wa chumvi haubishi hodi. Pini inaota kutu ya kijani, spika ya kushoto inakwaruza, mwenyewe anabeba mashine nzima kwa fundi, kumbe ni pini! Zima umeme, ichomoe, isugue kwa spiriti, irudishe. Tena ukichomeka mashine hizo kwenye soketi mbili za mbali, zinaweza kuanza kuvuma hata muziki haujapigwa. Zichomeke kwenye ekstensheni moja.

Kuhusu wati sitakawia: kutoka 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, na desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Hela hiyo mimi ningeipeleka kwenye spika.

Ushauri wangu ni iliyokamilika, ila yenye njia ya kutokea. Mwaka 1978 kampuni ya NAD walitoa amplifaya iliyokamilika iitwayo 3020, wati 20 kila upande. Nyuma yake kuna vyuma vidogo vilivyopinda, vinavyounga priamplifaya na pawa. Ukivichomoa, unaweza kuleta pawa nyingine siku ukipata ukumbi. Kwenye mashine za sasa, tafuta matundu yaliyoandikwa PRE OUT, yanayotoa sauti ya priamplifaya kwenda pawa nyingine.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu mtumba wa Japani. Geuza mashine, usome nyuma. Ikiandikwa volti 100 pekee, usiichomeke. Hapa kwetu ni 230. Itahitaji transfoma ya kushusha, na ukinunua mashine mbili, hakikisha transfoma hiyo inabeba wati za zote mbili.