Namba hii imetoka wapi? Mhadhara kwa wawekezaji wadogo wa hisa, Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu! Ahsanteni kwa kuja. Naona kuna walimu waliotoka moja kwa moja darasani, watumishi wa wizara, vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, waliokuja na madaftari yao. Hao wenye madaftari nitawarudia.

Swali nililopewa ni hili: mwekezaji mdogo wa hisa atumie programu gani, tovuti gani, na je, alipie? Nitalijibu, ila naomba nipitie Kibaigwa kwanza.

Soko la mahindi la Kibaigwa wengi mnalijua. Mtu akikupigia simu akakwambia gunia leo liko bei fulani, mkulima mzoefu hapakii mzigo papo hapo. Anauliza: gunia la kilo mia au lumbesa? Bei ya asubuhi, au ya jioni malori yalipokwisha kuondoka? Umeambiwa na dalali, au umeona watu wakilipana? Sasa mkulima huyo huyo akishauza mahindi yake, akabakiwa na milioni mbili za kununua hisa, anafungua simu, anaona namba kwenye kioo, anaiamini bila kuuliza hata swali moja. Hapo ndipo panaponiuma, na ndipo nitakapokaa muda mwingi leo.

Yamenikuta mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni ambayo sitaitaja, baada ya kuona kwenye tovuti moja kwamba bei yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na faida. Nitatumia namba rahisi ili mnifuate. Chukulieni kampuni imepata faida ya shilingi bilioni 10, na ina hisa milioni 100. Faida kwa kila hisa ni shilingi 100. Hisa inauzwa 560, maana yake unalipa mara 5.6 ya faida ya mwaka. Ni rahisi, nikanunua. Kumbe mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa imeuza hisa mpya kwa wanahisa wake, zikafika milioni 125. Tovuti ile ilikuwa bado inagawanya kwa idadi ya zamani. Faida halisi kwa hisa ilikuwa shilingi 80, na mimi nilikuwa nimelipa mara 7.

Hakuna aliyeniibia. Tarakimu zote mbili, faida na bei, zilikuwa sahihi. Iliyooza ni ile ya tatu, ambayo sikuiona kwa sababu tovuti ilinipa jibu bila kunionyesha hesabu. Na pesa yenyewe ilikuwa ya ada ya mtoto ya muhula wa pili, ambayo niliiona imekaa bure. Nilipotaka kuuza ili nilipe ada, oda yangu ilikaa siku kumi na moja bila mnunuzi. Hilo nalo tovuti haikuwa imeniambia.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama programu ni nzuri, bonyeza namba yoyote iliyomo. Je, inakupeleka kwenye waraka wa kampuni yenyewe? Kama inakupeleka, ni programu ya kufanyia kazi. Kama haikupeleki popote, ichukulie kama maneno ya yule aliyekupigia simu kutoka Kibaigwa.

Idadi ya hisa nataka niikalie kidogo, maana kila wiki nasikia mtu akisema, "Hisa za CRDB ni rahisi kuliko za NMB, ndiyo maana nanunua CRDB." Zote mbili ni benki. NMB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, hisa moja ilikuwa shilingi 600. CRDB mwaka 2009 ilikuwa 150. Lakini NMB imegawanywa katika hisa milioni 500, na CRDB, tangu ilipoongeza mtaji mwaka 2015, ina hisa zaidi ya bilioni 2.6. Ni mikate miwili, mmoja umekatwa vipande vitano, mwingine vipande ishirini na sita. Huwezi kujua mkate upi ni wa bei nafuu kwa kutazama bei ya kipande. Zidisha bei kwa idadi ya hisa upate thamani ya kampuni nzima, kisha ilinganishe na faida nzima. Simu yoyote yenye kikokotoo inatosha.

Sasa tuje kwenye soko letu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, wale wa gesi. Leo zipo zaidi, lakini bado ni chache, unaweza kuzihesabu bila kuchoka. Hili linabadilisha kabisa vifaa unavyohitaji. Anayewekeza New York anahitaji chujio la kompyuta, yaani programu ya kuchagua kampuni kwa vigezo, kwa sababu kule kuna maelfu ya kampuni, asipochuja atazama. Wewe wa hapa unaweza kusoma taarifa ya mwaka ya kila kampuni iliyoorodheshwa ndani ya mwaka mmoja, ukisoma jioni baada ya kazi. Kulipia chujio la kuchagua katika kampuni chache hivyo ni kununua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Kuna la pili, na vijana naomba mnisikilize hapa. Katika soko letu kuna hisa zinazouzwa kila siku, na kuna nyingine zinazomaliza siku au hata wiki bila mtu kuuza wala kununua. Hisa isipouzwa, bei inayoonekana ni ile ya mara ya mwisho. Chati inachora mstari ulionyooka, nawe unasema, "Hisa hii imetulia, haina hatari." Imetulia kwa sababu hakuna aliyeigusa! Halafu unakuta kijana amepakua programu ya chati, anachora wastani wa bei za siku 50, anatafuta mahali mistari inapokatana, kwenye hisa iliyouzwa mara nne tu mwezi mzima. Zana zile zilitengenezwa kwa masoko ambayo hisa moja hubadilisha mikono mara nyingi kila dakika. Hapa kwetu namba ya kwanza ya kutazama baada ya bei ni kiasi kilichouzwa. Kimo kwenye ripoti ambayo soko lenyewe huitoa kila siku ya biashara, bure, kwenye tovuti yake. Kiandike kwa wiki nne au tano, na utajua kama siku ya shida utapata wa kumuuzia.

Na chati ina upofu mwingine. Hisa umeinunua 1,000, baada ya miaka mitano bado ni 1,000. Chati inakwambia hujapata kitu. Lakini kama kampuni ilikuwa inatoa gawio, yaani sehemu ya faida inayolipwa kwa wanahisa, la shilingi 80 kwa kila hisa kila mwaka, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa, umepokea 76 mara tano, yaani 380. Hiyo ni asilimia 38 ya fedha yako ambayo chati haikuiona. Kabla ya kuamini chati yoyote, uliza kama imehesabu gawio.

Vyanzo vyenyewe ni vipi basi? Cha kwanza ni taarifa ya fedha ya kampuni, iliyokaguliwa. Benki zinatakiwa kutangaza hesabu zao kila robo mwaka, na mmeziona kwenye magazeti, ule ukurasa mzima wenye maandishi madogo ambao wengi tunafungia vitumbua. Usiufungie vitumbua! Kwenye benki tafuta mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawailipi inavyotakiwa, ni asilimia ngapi ya mikopo yote, kisha linganisha na robo iliyopita na robo kama hiyo ya mwaka jana. Kampuni nyingine hutoa hesabu za nusu mwaka na za mwaka.

Mnaposoma, kuna mitego mitatu. Angalia juu ya jedwali kama ni elfu au mamilioni ya shilingi. Nimeona mtu mzima, mhasibu, akiikuza kampuni mara elfu moja kwa kutosoma mstari huo. Angalia safu: CRDB, kwa mfano, ina kampuni tanzu, yaani kampuni inazozimiliki, Burundi na Kongo, kwa hiyo taarifa yake ya mwaka ina hesabu za kundi zima na hesabu za benki peke yake. Ukichukua faida kwenye safu moja na mtaji kwenye safu nyingine, umepika chakula kisicholika. Tatu, angalia mwaka unaishia lini. Benki zetu hufunga Desemba 31, Vodacom Tanzania hufunga Machi 31. Tovuti ikikuwekea "faida ya mwaka" ya kampuni mbili ubavuni mwa nyingine, inaweza kuwa inalinganisha miezi tofauti kabisa.

Chanzo ambacho watu wanakidharau ni mkutano mkuu wa wanahisa. Ukiwa na hisa zako chache una haki ya kuhudhuria na kuuliza. Siku hizi kampuni kadhaa huendesha mkutano kwa mtandao, huna haja ya nauli ya kwenda Dar. Msikilize mwenyekiti wa bodi anavyojibu swali gumu. Sijapata programu inayonipa hicho.

Ripoti za madalali wa hisa nazisoma pia, na nyingine zimeandikwa kwa umakini mkubwa. Kumbuka tu kwamba dalali hupata kamisheni ukinunua, na hupata ukiuza. Chukua takwimu zake, uamuzi ufanye mwenyewe. Kwa mfumuko wa bei, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa hapa mjini kwetu na hutoa takwimu kila mwezi. Matokeo ya minada ya hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wananchi na kuilipia riba, yapo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na hiyo ndiyo rula yangu: kama hisa haina dalili ya kunilipa zaidi ya hatifungani, kwa nini nibebe hatari yake?

Kijana wa nyuma pale aliniuliza mlangoni kuhusu hisa za Marekani. Kwanza uliza benki yako kuhusu kanuni za fedha za kigeni. Kuhusu taarifa, kule hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tume yao inayosimamia masoko ya hisa ina hazina ya nyaraka za kampuni iitwayo EDGAR, wazi kwa mtu yeyote duniani, bila malipo. Fomu 10-K ni taarifa ya mwaka, 10-Q ni ya robo mwaka. Mashine ya Bloomberg wanayotumia mabenki makubwa inagharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja, lakini hesabu za kampuni unazoziona mle ni zile zile kampuni ilizowasilisha EDGAR. Wanacholipia ni kasi na mpangilio. Wewe unayenunua hisa ukae nazo miaka mitano, kasi ya sekunde unaitaka ya nini? Tahadhari moja tu: Apple iligawa kila hisa yake kuwa nne mwezi Agosti 2020. Bei za zamani zisiporekebishwa, utaona kama hisa ilianguka robo tatu kwa siku moja. Tovuti nyingi hurekebisha. Hakikisha yako imo.

Wanafunzi wanatumia akili unde, hizi programu za AI. Mimi pia naitumia, kunieleza neno nisilolijua kwenye hesabu. Ila nimeiuliza faida ya kampuni ya hapa kwetu ikanijibu kwa kujiamini, tarakimu hadi ya mwisho, na nilipofungua taarifa ya kampuni haikuwemo. Ipe waraka uusome pamoja nayo. Usiiombe namba kichwani mwake. Na hayo makundi ya WhatsApp yanayouza ishara za kununua, hayo nayasema kwa ukali: anayetoa ushauri wa uwekezaji kwa biashara anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Muulize leseni yake. Akinuna, toka kwenye kundi.

Sasa wenye madaftari. Chukua kaunta buku, kila kampuni kurasa nne. Andika idadi ya hisa, faida, gawio, deni, na kando ya kila namba andika waraka na ukurasa ulikoitoa. Anza na kampuni tatu. Fanya hivyo mwaka mzima kabla ya kulipia chochote zaidi ya bando. Mwaka ukiisha utakuwa unajua ni kazi gani inakuchosha, na hiyo ndiyo utakayolipia programu ikufanyie, ukiwa na uwezo wa kuikamata inapokosea.

Naona mama yangu amenyoosha mkono. Ndiyo, mama. Anasema ana hisa alizonunua mwaka 2009, hana simu janja, na gawio halijamfikia muda mrefu.

Mama, chanzo chako cha kwanza cha taarifa ni kumbukumbu zako mwenyewe. Nenda kwa dalali yeyote mwenye leseni na kitambulisho chako na karatasi ulizonazo, omba uonyeshwe idadi ya hisa zilizo kwa jina lako, na akaunti ya benki iliyoandikwa pale. Watu wengi walibadilisha benki na namba za simu wakasahau kuarifu, kwa hiyo gawio hupelekwa kwenye akaunti iliyokwisha kufungwa. Uliza pia gawio la miaka ya nyuma ambalo halijachukuliwa. Umezileta hizo karatasi? Basi njoo nazo hapa mbele, mama, tuzisome pamoja kabla watu hawajatawanyika.