Kilichopanda ni kifaa: mhadhara kuhusu udhibiti wa ubora wa vipimo vya mionzi

Ahsante sana mwenyekiti. Naona wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, maana wanajua ninakoelekea. Ndiyo, leo tena nazungumzia kikomo cha kifaa, yaani namba kubwa kabisa ambayo kifaa kinaweza kusoma. Na nitaendelea kukizungumzia mpaka siku nitakayoletewa fomu ya vipimo ambayo safu ya kikomo imejazwa bila mtu kugombezwa kwanza.

Alfa, beta na gama, zile aina tatu za mionzi, mmeshafundishwa, sitarudia. Twende moja kwa moja Fukushima, kwenye mtambo wa nyuklia wa Japani uliopata ajali. Sio ile ya Machi 2011 ambayo kila mtu ameiona kwenye televisheni. Nataka Fukushima ya Agosti 2013, waandishi wa habari wengi wakiwa wameshafunga mizigo yao na kwenda zao.

Wakati huo pale Fukushima Daiichi palikuwa na matangi yapatayo elfu moja ya maji machafu. Maji yanapoza vinu vilivyoyeyuka, yanachanganyika na maji ya chini ya ardhi, yanavutwa, yanachujwa sesiamu, mojawapo ya vitu vyenye mionzi, kisha yanahifadhiwa. Mengi ya matangi yale ya mwanzo yalikuwa ya vipande vya chuma vilivyofungwa kwa bolti, kwa sababu yalitakiwa haraka. Agosti 19 kampuni ya TEPCO, yenye mtambo huo, ikatangaza kwamba tangi moja limevuja, na hesabu yao ilikuwa tani kama 300. Wakaanza kukagua mengine. Agosti 22, sehemu ya chini ya tangi fulani, kifaa kikasoma milisivati 100 kwa saa (milisivati ni kizio cha dozi ya mionzi inayoupata mwili). Agosti 31 wakarudi palepale, kikasoma 1,800.

Vichwa vya habari siku iliyofuata mnaweza kuvikisia. Mionzi yapanda mara 18!

Sasa niambieni, ni nini kilichopanda? Wewe wa shati la bluu. Maji? Hapana. Uvujaji? Huenda, lakini namba hizi haziwezi kukwambia. Kilichopanda ni kifaa. Kile cha kwanza mwisho wake ulikuwa 100. Cha pili mwisho wake ulikuwa 10,000. Agosti 22 pale chini pangeweza kuwa na 100, pangeweza kuwa na 1,800, pangeweza kuwa na 5,000, na kifaa kingesoma 100 vilevile. Ile 100 ilikuwa inaeleza uwezo wa kifaa. Kuhusu tangi ilisema jambo moja tu: si chini ya hapo.

Muuza duka mwenye mizani ya kilo 10 akiwekewa gunia la mahindi, mshale utagonga ukutani, na hakuna mteja duniani atakayekubali kwamba gunia lina kilo 10. Watacheka wote wawili. Lakini mpe mtu kifaa chenye kioo na tarakimu zinazowaka, mvishe suti ya plastiki, barakoa na glovu pea mbili, mpeleke kwenye jua la Agosti, ataandika 100 na kuondoka. Na ofisini kuna mwenzake, amekaa kwenye kiyoyozi, ataipokea ile 100 na kuiingiza kwenye jedwali pamoja na 70 na 0.3 kana kwamba zote ni ndugu. Huyu wa ofisini ndiye ninayegombana naye. Yule wa juani nina huruma naye.

Kuna mtu huniambia kila mara: "Mzee, 100 tayari ni kubwa, si walishajua pana hatari?" Haya, tufanye hesabu. Japani mfanyakazi wa mionzi haruhusiwi kuzidi milisivati 50 kwa mwaka. Kwenye 100 kwa saa unaifikisha hiyo baada ya nusu saa. Nusu saa unaweza kukaza bolti, ukapiga picha, ukaondoka. Kwenye 1,800 unaifikisha baada ya sekunde 100. Hata kuinama na kusimama vizuri hujamaliza. Huwezi kupanga kazi moja kwa namba hizo mbili.

Halafu mwingine anakuja kutoka upande wa pili, na huyu ana hoja nzuri zaidi. Anasema ile 1,800 ilikuwa beta kwa wingi, na beta haifiki mbali. Simama hatua moja nyuma, vaa buti nzito, sehemu kubwa inakwisha. Kweli kabisa! TEPCO walisema hivyohivyo. Lakini maana yake ni kwamba namba ilitoka bila umbali na bila aina ya mionzi, kisha maelezo yakaja kuikimbiza nyuma. Kipimo cha mionzi kisichosema kimechukuliwa sentimita ngapi kutoka kwenye uso wa kitu, na kwa kifaa kinachohisi nini, ni umbea.

Najua swali jingine linalowawasha. Sisi Tanzania hatuna mtambo wa nyuklia, haya yanatuhusu nini? Kwanza, wenzetu Kenya wanaupanga. Pili, hapa hapa kuna mafundi wanaopiga picha za viungo vya mabomba kwa chanzo cha gama, kuna wauguzi wanaovaa beji za kupima mionzi vifuani, kuna vyuma chakavu vinavyopita bandarini. Kifaa chenye kikomo hakijali kama kiko Japani au kiko Njiro. Na Tume ya Nguvu za Atomiki ina maabara ya ugezi, yaani ya kulinganisha kifaa na kipimo cha uhakika, hapa Arusha, kwa hiyo usiniambie kifaa chako kimekaa miaka bila kufanyiwa ugezi kwa sababu Ulaya ni mbali. Panda daladala.

Kisa cha pili, na hiki nakipenda kuliko cha kwanza, kwa sababu kosa lilijificha ndani ya maabara, hapakuwa na jua wala barakoa. Ni mtambo uleule. Julai 5, 2013 wanachota maji kwenye kisima cha uchunguzi karibu na bahari. Wanapima jumla ya beta: bekereli 900,000 kwa lita (bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kwa sekunde). Wanatangaza. Sampuli ileile inapimwa strontiamu-90 peke yake, mojawapo ya vitu vyenye mionzi vilivyomo. Februari 2014, baada ya miezi saba, ndipo umma unaambiwa jibu: strontiamu-90 peke yake ni bekereli milioni 5 kwa lita.

Subirini kidogo. Msiandike. Fikirini.

Strontiamu-90 inatoa beta. Kwa hiyo imo ndani ya jumla ya beta. Sehemu inawezaje kuwa milioni 5 na jumla yake ikawa laki 9? Hapa huhitaji shahada ya fizikia. Mama anayegawa ugali anakwambia haiwezekani. Na ubaya ni zaidi ya hapo, kwa sababu strontiamu-90 ikikaa huzaa yitriamu-90, ambayo nayo inatoa beta yake. Ukiwa na milioni 5 ya mzazi, tegemea milioni 5 ya mtoto. Jumla ilipaswa kuwa kama milioni 10.

Kwa nini walisoma laki 9? Sampuli ilikuwa kali mno kwa kifaa. Chembe ikiingia kwenye mrija wa kuhesabia, mrija unaihesabu, kisha kwa muda mfupi sana hausikii kitu. Chukua mrija wa Geiger wenye muda huo wa sehemu 100 kwa milioni za sekunde. Chembe 1,000 zikigonga kwa sekunde, utasoma kama 909, na kwa kazi nyingi hilo linavumilika au linasahihishwa. Zikigonga 10,000, utasoma 5,000. Zikigonga 100,000, utasoma kama 9,100. Mmeona? Ukweli umepanda mara kumi, kifaa hakikufika hata mara mbili. Sisemi kifaa chao kilikuwa na muda huu huu, lakini tabia ndiyo hiyo. Na kuna mirija ambayo ukiizidishia kabisa inarudi sifuri. Sifuri! Unasimama mahali pa kuua, kioo kinakwambia salama.

Dawa yake haina gharama: zimua sampuli. Mara mia, mara elfu, upime tena, uzidishe. Kama ulizimua mara kumi na jibu halikushuka mara kumi, basi lile la kwanza lilikuwa la uongo. Kipimo hicho cha kuhakiki kinahitaji bomba la kunyonyea, maji safi na dakika ishirini. Mwenyekiti wa mamlaka ya udhibiti ya Japani wakati huo, Shunichi Tanaka, alisema hadharani kwamba kampuni inakosa uelewa wa msingi wa kupima mionzi. Wengine waliona amekuwa mkali. Mimi niliona amekuwa mpole.

Hasa kinachonikera ni ile miezi saba. Kipimo cha strontiamu kinachelewa, nakubali, kinataka kutenganisha kwa kemia na kungoja yitriamu ikue, wiki mbili hivi. Lakini walikaa na majibu mawili yanayopingana wakijiuliza lipi ni sahihi. Ukiwa na namba mbili zinazogombana, huo ugomvi wenyewe ni taarifa. Utoe. Andika: tuna hii na hii, hazikubaliani, tunachunguza.

Upande wa pili wa sarafu ni kutoa upesi mno bila kuitazama namba. Machi 27, 2011 TEPCO wakatangaza maji ya jengo la turbini la kinu namba 2 yana iodini-134 kwa kiwango cha kutisha, mara milioni 10 ya maji ya kawaida ya kinu. Iodini-134 inapungua nusu kila dakika 53 hivi. Vinu vilizimika Machi 11. Hesabu siku 16, ni kugawanya kwa mbili zaidi ya mara 400. Hakuna kitu kinachobaki baada ya hapo, labda kama kinu kimewaka upya. Jioni wakairudisha: walikuwa wamechanganya kipengele, ikawa mara 100,000. Mtu mmoja mwenye kalamu angeliona hilo kabla ya mkutano na waandishi.

Naona mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Mlikuwa mpate Three Mile Island, mtambo wa nyuklia wa Marekani, ambako mwaka 1979 kipimo cha helikopta juu ya bomba la moshi kilichukuliwa kana kwamba ni cha ardhini, nusura watu wahamishwe kwa makosa. Na ajali ya nyuklia ya Chernobyl, vifaa vilivyoishia rentgeni 3.6 kwa saa, rentgeni ikiwa kizio cha zamani cha mionzi. Hiyo mmeiona kwenye filamu, niacheni. Chati za udhibiti nazo naziruka. Kwa kifupi: chanzo kilekile cha majaribio, umbali uleule, kila asubuhi kabla ya kutoka, andika, siku namba ikitoka nje ya mstari, kifaa kinabaki mezani. Kumbukeni pia hesabu 100 zina shaka ya 10, juu au chini, hesabu 10,000 zina shaka ya 100, kwa hiyo asiniletee mtu desimali tatu kutoka kwenye dakika moja ya kupima.

Jambo moja siliachi. Machi 24, 2011 wafanyakazi watatu waliokuwa wakivuta nyaya kwenye jengo la turbini la kinu namba 3 cha Fukushima waliingia kwenye maji. Siku moja kabla palipimwa, hapakuwa na shida. Beji zao zikalia. Wakadhani zimeharibika, wakaendelea na kazi. Walipata milisivati 170 hadi 180. Mtu akizoea vifaa vinavyodanganya, atakipuuza kile kinachosema kweli, na sitamlaumu yeye peke yake. Lawama yangu inaanza kwa aliyekuwa na jukumu la kuhakikisha beji inaaminika, na aliyewapeleka kwa kipimo cha jana.

Haya, swali moja. Ndiyo dada, zungumza kwa sauti. Anauliza: nikipata "zaidi ya 100" mara tano, na 60 mara moja, wastani naandika ngapi?

Swali zuri, na jibu ni kwamba huna wastani. Ukiandika 100 mara tano, ujumlishe na 60, ugawe kwa sita, utapata 93, yaani umetengeneza namba iliyo chini ya vipimo vitano kati ya sita ulivyochukua. Andika vyote sita kama vilivyo, na alama ya "zaidi ya" isidondoke mtu anapochapa kwenye kompyuta. Hapo ndipo hupotea mara nyingi. Kipimo cha katikati unaweza kukitoa, ni zaidi ya 100, basi. Bosi akitaka namba moja, mwombe kifaa chenye kikomo kikubwa zaidi, na ombi hilo nalo liandikwe kwenye fomu.