Kushusha naitreti kwenye tangi jipya la maji chumvi kwa kichujio cha mwani

Kimrija hiki cha kupimia maji ya tangi la samaki wa baharini kimeiva rangi nyekundu. Ukikilinganisha na kadi ya rangi, karibu na dirisha na si chini ya taa ya njano, kinasoma miligramu 40 za naitreti kwa lita, yaani mabaki ya kinyesi na chakula cha samaki kilichooza. Tangi ni la lita 200, lipo Mbeya, ni jipya na lina samaki wachache. Kiwango hiki hakiui samaki leo, ila matumbawe mengi yanataka chini ya 10, na kioo nacho kitaanza kuota ukijani. Tutatengeneza kichujio cha mwani: wavu uliosimama wima, maji yanauteremkia, taa inaumulika pande mbili. Mwani unaota pale badala ya kuota kwenye mawe, na unakula naitreti kama mahindi yanavyokula mbolea ya CAN.

Kabla ya kukata bomba, hakikisha unachopima ni naitreti kweli. Kwenye tangi changa amonia hugeuka naitraiti, kisha naitraiti hugeuka naitreti. Vipimo vingi vya matone husoma naitraiti kama naitreti, kwa hiyo naitraiti ikiwa bado ipo, namba unayoiona ni kubwa kuliko ukweli. Subiri amonia na naitraiti zisome sifuri. Chupa ya pili ya kipimo itikise kwa nguvu nusu dakika nzima, maana dawa yake hutuama chini. Usipoitikisa utapata jibu dogo la uongo. Pima pia maji unayochanganyia chumvi. Huku kwetu kisima kilicho chini ya shamba kinaweza kuwa na naitreti ya mbolea tayari. Maji ya mashine ya RO, inayoyachuja kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba, ndiyo salama zaidi. Ya mvua yakipita kwenye bati yanaweza kubeba zinki.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Lita 200 zenye miligramu 40 zina gramu 8 za naitreti, na ndani yake naitrojeni kama gramu 1.8. Mwani mkavu una naitrojeni asilimia 3 hadi 5 hivi. Ili kuitoa yote kwa mwani peke yake unahitaji kuvuna gramu 45 za mwani mkavu, yaani takriban nusu kilo ukiwa umekamuliwa, na samaki wanaendelea kula na kunya kila siku. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Kwa hiyo anza kwa kubadilisha nusu ya maji, ushuke hadi 20, halafu kichujio kifanye yaliyobaki.

Vifaa. Bomba la plastiki la robo tatu, elbo, kizibo cha mwisho na valvu ya plastiki vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, sokoni Mwanjelwa vimejaa. Wavu ni ile kanvasi ya plastiki ya kudarizi, yenye matundu 7 kwa inchi. Hii ndiyo itakayokusumbua kuipata, agiza Dar pamoja na chumvi. Usitumie wavu wa chuma wala kiungo chochote cha shaba au cha mabati. Shaba kidogo tu inamaliza konokono na uduvi wa tangini.

Ukubwa wa wavu unatokana na chakula unachowapa samaki, haufuati lita za tangi. Kwa kila kipande kimoja cha chakula kilichogandishwa kwa siku, weka sentimita 75 za mraba zinazomulikwa pande zote mbili. Sisi tunakata upana sentimita 15, urefu sentimita 10 chini ya bomba, inatosha vipande viwili. Ongeza nusu sentimita juu, ile itakayoingia ndani ya bomba.

Wavu mpya ukiwa laini, mwani hautashika. Chukua blade ya msumeno wa chuma, ikwaruze kanvasi huku na huku, pande zote mbili, mpaka ikiguswa ikwaruze kidole kama msasa. Dakika kumi za kukwaruza zinaokoa wiki mbili za kusubiri, na ndizo watu wanazoziruka.

Kwenye bomba chora mstari ulionyooka wa sentimita 15. Kata mwanya wa upana wa milimita 3, polepole, kisha lainisha kingo kwa msasa. Mwanya ukipinda, maji yatamwagika upande mmoja na upande wa pili utabaki mkavu. Ingiza wavu, ufunge kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, ziba ncha kwa kizibo bila gundi ili uweze kulifungua na kusafisha. Juu ya mwanya zungushia plastiki nyeusi. Taa ikifika pale, mwani utaota ndani ya mwanya na kuuziba.

Maji yanatakiwa lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, yaani kama lita 800 kwa wavu huu. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu, hiyo ni bila kupandisha maji. Pima hivi: elekeza maji kwenye ndoo ya lita 10 kwa kimo kilekile bomba litakapokaa. Ikijaa kwa sekunde 45 hivi, uko sawa. Ikichukua dakika na nusu, badilisha pampu. Kisha ning'iniza wavu juu ya tangi la chini, lile dogo linalopokea maji kutoka tangi kubwa na lenye pampu, ncha yake iguse maji ili yasirushe matone. Zima pampu uone: maji yote ya kwenye bomba yatarudi chini, na tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea.

Taa ni LED za kukuzia mimea, nyekundu ya nanomita 660 yenye bluu kidogo, wati 10 halisi kila upande, umbali wa sentimita 8 hadi 10, na kipande cha kioo katikati cha kuzuia matone. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, maji yasitiririke hadi kwenye umeme. Taima iwashe saa 10 kwa siku kwa kuanzia, na saa hizo ziwe za usiku, taa za tangi kubwa zikiwa zimezimwa. Mwani unatoa oksijeni unapomulikwa, na Mbeya tupo juu mita 1,700 hivi, ambako maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani.

Wiki ya kwanza utaona ute wa kahawia. Usiukwangue, suuza tu. Ukijani unafuata baadaye, na wavu ukishakuwa wa kijani ongeza taa taratibu hadi saa 16 au 18. Mwani wa njano unaoteleza maana yake taa imezidi chakula, punguza saa. Mweusi kama lami, chakula kimezidi taa, ongeza saa.

Kila siku 7 hadi 10 vuna. Toa wavu, peleka kwenye sinki, kwangua kwa kadi ya plastiki, acha utando mwembamba ubaki kwenye wavu ili mwani uote tena. Suuza kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi. Hayo yanaua wadudu wadogo wanaotafuna mwani. Mwani utupe. Ukiuacha unene, tabaka la chini linakosa mwanga, linakufa, linang'oka na kuoza ndani ya tangi, na naitreti yote inarudi ilikotoka. Kichujio kinapunguza naitreti pale tu mwani unapotoka nje ya nyumba.

Maji yanayoanguka yanapoa na kukauka haraka, hasa Juni na Julai. Hita iwe na nguvu ya kutosha kushika nyuzi 25, na jazia maji yasiyo na chumvi kila siku, kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) kibaki 1.025.

Umeme ukikatika, wavu unakauka ndani ya saa chache. Pampu ya wati 15 kwenye inveta na betri ya volti 12 ya Ah 50 itakupitisha usiku. Kama huna, na wavu umeshakauka mpaka unanuka, utoe uukwangue kabla ya kuwasha pampu.

Endelea kupima kila wiki, pamoja na fosfeti, ambayo ndiyo inayoupa mwani fosforasi. Naitreti ikigoma kushuka huku fosfeti inasoma sifuri, mwani umekosa fosforasi. Ongeza chakula cha samaki kidogo. Naitreti ikifika 5, punguza taa hadi saa 12 kwa siku. Usiiache ifike sifuri kwenye tangi jipya, ute wa kahawia wenye mapovu utatanda mchangani, na huo ni mgumu kuliko naitreti.