Kila Gazeti na Msomaji Wake: Mhadhara kwa Walimu na Wanafunzi wa Kiswahili, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliokubali kukaa nasi jioni hii.

Nimesahihisha mitihani ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila swali la rejesta ya magazeti, yaani mtindo wa lugha inayotumika humo, linapotoka napata jibu lile lile: lugha ya magazeti ni ya mkato, ina vichwa vya kuvutia, ina picha, basi. Mwanafunzi anapata alama zake na hajajua kitu. Nimelisema hili katika kila semina niliyoalikwa, na leo nalirudia: hakuna lugha moja ya magazeti. Yapo magazeti, na kila moja lina mtu wake ambaye mhariri anamwona mbele yake kabla hajaandika neno la kwanza. Anayesoma bila kumjua mtu huyo anasoma barua ya mwenzake.

Tuchukue jambo la kwetu. Tuseme mnada wa korosho umefanyika Newala, wakulima wamekataa bei, na mnada umeahirishwa. Vichwa nitakavyovitaja nimevitunga mwenyewe, lakini ninyi mnaosimama asubuhi mbele ya meza za magazeti pale stendi mtavitambua. Gazeti la Serikali linaandika: “Serikali yawahakikishia wakulima soko la korosho.” Gazeti la kila siku la mmiliki binafsi: “Wakulima wagomea bei ya korosho.” Gazeti la biashara: “Bei ya korosho yashuka mnadani.” Gazeti la udaku halikufika mnadani kabisa, limekwenda nyumbani kwa mkulima, nalo linaandika: “Fedha za korosho zavunja ndoa, mke aangua kilio hadharani.”

Hapa naomba tusiharakishe. Vitenzi vyote vimebeba wakati wa -a-: yawahakikishia, wagomea, yashuka, zavunja. Hicho ndicho mnachofundishwa, na ni kweli. Sasa tazameni kiima, yule au kile kinachotajwa kuwa kimetenda. Katika kichwa cha kwanza anayetenda ni Serikali, na wakulima wamekaa kwenye nafasi ya yambwa, yaani ya mtendwa, wanapokea. Gazeti hilo linasomwa kwanza ofisini, na mtu wa ofisini anataka kujua mamlaka imesema nini. Katika cha pili wakulima wenyewe ndio wanaotenda, na msomaji anayekusudiwa ni raia anayetaka kujua nani amembishia nani. Katika cha tatu hakuna mtu hata mmoja: bei imeshuka yenyewe, kama maji yanavyokupwa, kwa sababu mnunuzi na mtu wa benki wanatafuta tarakimu, na chini ya habari watawekewa jedwali. Katika cha nne fedha ndizo zinazotenda, na neno “hadharani” limeongezwa ili msomaji ajione amesimama pale pale uani pamoja na majirani.

Mjomba wangu mmoja, mkulima wa Kitangari, aliwahi kunitandikia magazeti mawili mkekani akaniuliza, “Mjomba, lipi hapa limesema uongo?” Nikamjibu kwamba hakuna lililosema uongo. Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa maana yeye ndiye mwenye korosho na katika magazeti yote mawili hakuna lililomwambia fedha yake italipwa lini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Najua kuna mwalimu anayetaka kunikatiza aseme kwamba udaku ni uchafu, usiingie darasani. Uingie. Udaku unaumiza watu, unaingia vyumbani mwao bila hodi, na hilo silitetei. Lakini Kiswahili chake ndicho kilicho karibu zaidi na kinywa cha mtu wa mtaani, na wapo watu wazima waliomaliza kisomo wakazoea kusoma kwa sababu walitaka kujua ndoa ya msanii imeishia wapi. Mwingine ataniambia kwamba vijana wako kwenye simu, gazeti limekufa. Kila asubuhi redio zinasomea nchi nzima vichwa vya magazeti, na picha za kurasa za mbele zinasambazwa katika simu hizo hizo. Kichwa sasa kinasafiri peke yake, habari imeachwa nyuma, kwa hiyo ujuzi wa kukisoma kichwa unahitajika kuliko zamani.

Wengine wamejifunza kugawa magazeti kwa ukubwa wa karatasi, makini kwa mapana na mepesi kwa madogo. Huo ni mgawanyo wa Uingereza, na hata kule The Times liliacha karatasi pana mwaka 2004. Kwetu, ukipima kwa rula, udaku na siasa vitakuwa ndugu.

Umbali nao hugeuza msomaji. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika yalipokolea gazeti lilitufikia huku Kusini likiwa na siku kadhaa. Habari tulikwisha kuzisikia Redio Tanzania. Kwa hiyo baba yangu aliruka ukurasa wa mbele na kusoma makala na barua za wasomaji. Gazeti la kila siku, mikononi mwake, lilikuwa la wiki.

Muda unanibana, nami nilitaka kuanzia Mambo Leo la mwaka 1923, nifike kwa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, aliyehariri Uhuru la Kiswahili na The Nationalist la Kiingereza, yote ya chama kimoja, kwa wasomaji wa aina mbili. Magazeti ya dini, An-Nuur na Kiongozi, yanataka siku yake. Ya michezo nayataja kwa sentensi moja: yakiandika kwamba Mnyama amepigwa mkono, hayafafanui kwamba ni Simba wala kwamba ni mabao matano, kwa sababu msomaji wake angeona anadharauliwa.

Mezani nimeweka magazeti saba ya jana. Safu ya mbele, pokeeni, mpige mstari chini ya kiima cha kila kichwa kikubwa, kisha mniambie ni nani aliyeandikiwa.